Nazi Mbili, Madanzi Manne

Ruthi alikuwa akimpara samaki wa tatu, magamba yamemrukia hadi kwenye nyusi, Lea alipoingia uani mbio kusema kwamba mjomba Kristofa ameshuka kwenye lori la Muheza. Ruthi akauliza yuko wapi basi, mbona haingii. Mtoto akasema yuko kijiweni, wazee wamemkalisha, wamempa kahawa, na ana karatasi mkononi. Kisu cha Ruthi kikasimama. Alikuwa akiingoja karatasi hiyo kwa siku tisa, na kama ingekuwa hiari yake, ingesomwa uani, mlango umefungwa.

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja refu la mvule, limeegemea ukuta wa nyumba yake upande wa barabarani, pale Ngamiani. Kila alasiri Miraji muuza kahawa alitua hapo dele lake la shaba na jiko lake la mkaa, na wenye benchi wakaketi kila mtu mahali pake. Mwisho kabisa alikaa Tadeo, aliyeitwa Mizani kwa sababu alipima marobota ya katani bandarini miaka ishirini, na hadi leo akikusalimu hukutazama kama anayekukadiria ratili. Katikati alikaa Safari, au Bama, aliyerudi kutoka vita vya Burma na mguu mmoja mfupi na hadithi nyingi ndefu. Karibu na jiko alikaa Asheri, ambaye kwa kuwa aliwahi kufagia wodi ya hospitali aliitwa Kwinini, na aliijibu kila homa ya mtaa kabla ya mgonjwa kumaliza kueleza. Wa nne alikuwa Uweso, kuli wa bandari. Yeye alikuwa akiitwa Kicheko. Tangu alipomzika binti yake Sabiha, hakuna aliyethubutu kumwita hivyo, na kwa jina lake la kuzaliwa watu walikuwa hawajamzoea, basi hawakumwita chochote.

Ruthi akachukua sinia la samaki akaingia nalo chumba cha mbele, akaketi sakafuni chini ya dirisha. Kwenda kukaa benchini na wanaume hakukuwezekana. Kusikia kuliwezekana, maana nyumba ya udongo na mbao haifichi kitu.

Aliyokuwa akiyangojea ni haya. Fanueli, mumewe, alikuwa dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa, katika zahanati ya shamba moja la mkonge nje ya mji. Mwezi uliopita dawa nyeupe ya minyoo ilimwishia. Katika kabati la nyuma, kwenye vitu vya zamani ambavyo hakuna aliyejua nani aliviacha, alikuta chupa ya unga mweupe. Karatasi yake ilikuwa imeliwa na mende, likabaki neno moja tu, zebaki. Fanueli alijua kwamba dawa ya minyoo ni zebaki iliyoungana na klorini, na unga ni ule ule, mweupe na mzito. Akaileta chupa nyumbani, akaketi mezani na kimizani chake kidogo, akafunga pakiti kumi na moja zilizochanganywa na sukari kwa ajili ya watoto wa mtaa: saba za nyumba nyingine, mbili za Uweso, mbili za wanawe mwenyewe. Hakutaka hata asante.

Mama wa mtaa ule hawakuitoa dawa ya minyoo siku yoyote tu. Walingoja mwezi ujae, kwa sababu waliambiwa na mama zao kwamba minyoo huamka na kupanda siku hiyo, na siku nyingine hulala chini ambako dawa haiifikii. Dawa ilinyweshwa jua likizama upande huu na mwezi ukichomoza upande ule, si kabla wala baada. Fanueli aliwacheka, lakini aliwaachia pakiti zao wazitoe wapendavyo. Ni Saleha tu, mke wa Uweso, ambaye hakungoja. Sabiha alikuwa akilia tumbo, mama akamwonea huruma, akampa mwezi ukiwa mchanga. Mtoto akatapika, akahara damu, na siku ya nne akafa. Fanueli alimhudumia mwenyewe, akaandika kuhara damu, na mtaa ukasema ni kwa sababu ya mwezi.

Ruthi alikwenda kumtazama mtoto siku ya pili. Aliiona midomo yake imekuwa ya kijivu kama iliyopakwa majivu, na ufizi umechubuka. Alikuwa amesoma hadi darasa la kumi kwa masista kabla hajaolewa, na mwalimu wao wa kemia aliwahi kuweka mezani chupa mbili za unga mweupe, akawaambia kwamba zote mbili ni zebaki na klorini, hakuna kingine ndani, ila moja hupewa mtoto mwenye minyoo na nyingine huua. Tofauti ni hesabu tu. Katika dawa, kila chembe moja ya zebaki imeshikana na chembe moja ya klorini. Katika sumu, kila chembe moja ya zebaki imeshikana na mbili.

Hakumwambia Fanueli. Alichota kijiko kimoja kutoka kwenye ile chupa, akakifunga kwenye karatasi, na Kristofa alipopita kurudi kazini Amani, akampa. Kristofa alikuwa mhudumu wa maabara huko. Akamwambia: ni dawa ya minyoo ya Fanueli, pima, uniletee. Hakumwambia ni kwa nini.

Na leo mwezi ulikuwa unajaa.

Nje, Kristofa alikuwa akiwaeleza wazee kazi yake, naye alikuwa na fahari nayo. Alisema amefanya kama alivyomwona bwana wake akifanya: akapima unga, akaupasha moto pamoja na chokaa katika mrija, zebaki ikapanda kama mvuke, ikaganda vitone upande wa baridi, akavikusanya, akapima. Akasoma. Unga wote, gramu tano nukta nne tatu. Zebaki iliyotoka, gramu nne nukta sifuri moja. Iliyosalia, ambayo ni klorini, gramu moja nukta nne mbili.

Bama akataka kujua, sasa jina la kitu hicho ni nini. Kristofa akasema hajui. Kule maabara yeye hupima, na kupiga hesabu ni kazi ya bwana, na bwana yuko likizo hadi mwezi ujao.

— Kwa hiyo umetuletea shanga bila uzi, — alisema Bama.

— Nilisikia tu kwamba ile ya hospitali ni moja kwa moja, — alisema Kristofa. — Zebaki moja, klorini moja.

Hapo Mizani akakohoa, na Ruthi akajua kwamba amejiweka sawa kwenye benchi, maana mbao zililia. Jambo la uzito lilikuwa lake. Akamwomba Kristofa arudie zile namba, akazinong'ona, kisha akatoa hukumu.

— Nne kwa moja na kitu. Hiyo ni kama tatu kwa moja. Basi ya hospitali ina zebaki moja kwa klorini moja, na hii ya Fanueli ina zebaki tatu kwa klorini moja. Fanueli hakutupunja, jamani. Ametupa mara tatu.

Ruthi alishika mkia wa samaki hadi mwiba ukamchoma.

Miraji akauliza kama mara tatu ya dawa si nyingi mno kwa mtoto. Bama akamwondoa wasiwasi. Alisema huko Burma sajini wao mmoja alivunja kipimo cha homa, akaimeza zebaki yake kwa ubishi tu, na kesho yake ikamtoka vile vile ilivyoingia, inang'aa, wakaiokota. Zebaki haina neno. Kitu kibaya ni klorini, maana huo ndio moshi ambao Wazungu walifukizana nao katika vita vyao vya kwanza, watu wakakohoa mapafu.

— Lakini hapa iko moja, nayo imezungukwa na zebaki tatu, — aliendelea. — Ni kama mfungwa katikati ya askari watatu. Itafanya nini?

Wakacheka kidogo. Kikombe kilichovuliwa kutoka kwenye maji ya Miraji kiligonga kingine. Kwinini alisubiri kicheko kiishe, kwa sababu alikuwa na lake, na alipenda kulisema kukiwa kimya. Alisema wote wawili wana haki, lakini wamesahau mwezi. Zebaki ni nzito kupita risasi. Mwezi ukijaa, minyoo iko juu, zebaki inaipitia, inaifagia, inashuka nayo. Mwezi ukiwa mchanga, minyoo imelala chini kabisa. Zebaki inashuka yote kwa mara moja, inaiangukia, minyoo inashtuka, inatoboa utumbo. Na zikiwa zebaki tatu, uzito ni mara tatu.

— Ndiyo damu ile, — alisema Kwinini.

Hakuna aliyecheka.

— Kwinini, — alisema Bama taratibu. — Tazama uliyekaa naye.

— Mimi simtaji mtu. Naeleza dawa.

Ruthi aliinuka polepole akachungulia. Uweso alikuwa ameinama, kikombe kitupu kati ya viganja, akikizungusha. Alikizungusha upande mmoja, akakirudisha. Mwanamume ambaye zamani kicheko chake kilisikika hadi sokoni alikaa akaelezwa jinsi mkewe alivyomuua mtoto wao, na akanyamaza kwa sababu alikuwa ameanza kuamini.

Ruthi akaenda kwenye sanduku lake la nguo. Daftari la kemia lilikuwa chini kabisa, jalada limenata. Akalikuta jedwali la uzito wa chembe alilonakili mwenyewe kwa mwandiko wa msichana: zebaki, mia mbili, klorini, thelathini na tano na nusu. Akachukua kaa la moto lililozimika, akaandika juu ya sakafu ya saruji, mahali ambapo mkeka hufunika. Nne nukta sifuri moja, gawa kwa mia mbili: sifuri nukta sifuri mbili. Moja nukta nne mbili, gawa kwa thelathini na tano na nusu: sifuri nukta sifuri nne. Mbili kwa nne. Moja kwa mbili.

Akafuta kwa kiganja, akapiga tena. Ingekuwa ile dawa, kwa zebaki ile ile klorini ingetoka nusu ya hii, sifuri nukta saba tu. Akatafuta kosa kwenye mgawanyo, akatafuta kosa kwenye nukta, akatafuta kosa kwenye mwandiko wake wa miaka kumi na minne iliyopita. Halikuwapo. Kiganja chake kilikuwa cheusi, na sakafuni kulibaki doa.

Hakulia. Alifikiri kama anavyofikiri mtu mwenye watoto watatu, samaki watano na jua linaloshuka. Pakiti kumi bado ziko majumbani, na kabla ya magharibi ni lazima zirudi. Hilo halina mjadala. Lakini zinaweza kurudi kimya kimya. Angepita nyumba kwa nyumba na kikapu, aseme dresa amesahau kitu, dawa imepoteza nguvu, zirudisheni, mtapewa nyingine. Wangerudisha, na kumshukuru. Watoto wangepona wote. Fanueli angebaki dresa, watoto wangebaki na baba, na karatasi ya Kristofa ingewasha jiko. Benchi lenyewe lilikuwa limeshapiga hesabu yake, zebaki tatu kwa moja, na nani angewabishia? Gharama yote ilikuwa mtu mmoja tu, Saleha. Na Saleha alikuwa ameshabebeshwa. Ingekuwa ni kumwacha tu aendelee.

Alikuwa ameshachukua kikapu kutoka ukutani aliposikia sauti ya mwanamke nje.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, — waliitika, kila mmoja kwa wakati wake.

Alikuwa Saleha. Tangu msiba hakuwa ametoka nje ya kizingiti chake. Alisimama mbali kidogo na benchi, ushungi umemfunika hadi kwenye nyusi, na mkononi ameshika kipakiti cha karatasi, kama mtu anavyoshika barua asiyoweza kuisoma.

— Nimebakiwa na moja, ya mdogo wake, — alisema. — Mmesema ni mwezi. Leo mwezi umejaa. Nimpe, nisimpe?

Mizani akatazama ndani ya kikombe chake. Bama akanyoosha mguu mfupi, akaukunja. Kwinini alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza mtaa mzima ungeweza kushuhudia kwamba halikutoka neno. Kwa maneno yake mwenyewe jibu lilikuwa mpe, na hakuweza kulisema. Miraji, ili mikono yake ifanye kitu, akainamisha dele juu ya kikombe. Yakatoka machicha tu.

— Uweso, — alisema Saleha. — Nimpe mwanao?

Uweso hakuinua kichwa.

Ruthi alitoka mlangoni na magamba mikononi, kiganja kimoja cheusi. Kikapu alikiacha ndani.

— Usimpe, — alisema. — Nipe mimi hiyo, Saleha.

Saleha akaivuta pakiti kifuani.

— Ya kwanza niliiharibu, na hii nayo siaminiwi kuitoa?

— Hukuiharibu ya kwanza. Ungempa mwezi umejaa, ungempa mwezi haupo, ingekuwa vile vile. Ni sumu.

Kristofa alisimama wima, karatasi yake mkononi. Mizani naye akainua mkono kama mtu anayesimamisha gari. Akasema, kwa upole, kwamba mama Lea amsamehe, lakini hesabu wameshapiga, na imetoka tatu kwa moja, dawa nzuri kuliko ya hospitali.

Ruthi alimgeukia. Hakuwa na hasira naye. Mzee yule alikuwa amepima maisha yake yote, na alikuwa sahihi kwa kila alichokiona kwenye mizani.

— Mzee Tadeo, wewe umepima uzito. Chembe hazihesabiwi kwa uzito wa pamoja, kwa sababu chembe moja ya zebaki ni nzito sana kuliko chembe moja ya klorini. Chukua nazi na madanzi. Nazi moja ina ratili mbili. Danzi moja lina theluthi ya ratili na kidogo. Wanakuletea kapu la nazi, unapima ratili nne. Wanakuletea kapu la madanzi, unapima ratili moja na karibu nusu. Nazi ni ngapi?

— Mbili, — alisema Mizani.

— Na madanzi?

Midomo ya Mizani ilitikisika, kama ilivyotikisika miaka ishirini juu ya marobota. Kisha akavua kofia yake akaiweka gotini.

— Manne, — alisema. — Nazi mbili, madanzi manne. Kila nazi na madanzi mawili.

— Hiyo ndiyo hesabu ya karatasi ya Kristofa. Zebaki moja kwa klorini mbili. Ya hospitali ni nazi moja, danzi moja. Hii si ya hospitali. Hii haitibu minyoo. Hii ndiyo iliyomuua Sabiha, na aliyeifunga ni mume wangu.

Aliisema sentensi ya mwisho kwa sauti ile ile, kwa sababu alijua akisita kidogo asingeweza kuimaliza.

Saleha alimtazama. Kisha akaketi chini, pale pale vumbini, bila kuangalia anakaa wapi, akaitoa pakiti mbele yake kwa mkono ulionyooka. Ruthi akaichukua. Saleha hakulia kwa sauti. Alisema tu neno moja, mara nyingi, polepole, si mimi, si mimi, kama mtu anayejifunza kulitamka.

Uweso ndiye aliyeuliza, akiwa bado ameinama.

— Fanueli alijua?

— Hakujua. Mbili ziko juu ya kabati letu, za Bibiana na Elieza.

— Na wewe?

— Nilishuku.

— Tangu lini?

Ruthi angeweza kusema tangu juma lililopita.

— Tangu nilipokuja kumtazama, nilipoiona midomo yake.

Uweso akainua kichwa sasa. Macho yake yalikuwa makavu, na yalikuwa yanahesabu.

— Hiyo ilikuwa siku ya pili. Alikufa ya nne.

— Ndiyo.

Kama kungekuwa na kitu cha kumnywesha mtoto siku ile ya pili, maziwa, ute wa mayai, gari la kumpeleka hospitali kubwa, Ruthi alikuwa amekwisha kujiuliza kila asubuhi tangu hapo.

— Zimebaki saba mtaani, — alisema. — Jua linazama. Nani anakwenda upande gani?

Hapo walikwenda. Kwinini alikuwa wa kwanza kusimama, akaondoka bila kuaga, karibu anakimbia, akiita majina ya mama wa watoto kabla hajafika milangoni mwao. Mizani akapita barabara ya chini na Kristofa. Miraji aliacha jiko lake likiwaka peke yake, jambo ambalo halijawahi kutokea. Bama alikuwa na nyumba moja tu ya kwenda, yake mwenyewe, na alikwenda na mguu wake mfupi kwa mwendo ambao hata Burma hakuutembea. Baadaye ilisimuliwa kwamba alimkuta mkewe uani, mjukuu kwenye paja, unga umekwisha kukorogwa na asali ndani ya kikombe cha bati, wote wawili wakitazama juu ya paa la jirani wauone mwezi. Bama alikipiga kile kikombe kikaruka hadi kwenye ukuta. Mkewe akadhani amerukwa na akili. Bama akachimba shimo kwa jembe pale ulipomwagika, akaufukia udongo na kikombe pamoja, ndipo akaketi akaeleza.

Sita zikarudi kwa Ruthi moja moja, ya Bama ikawa shimoni. Akazijumlisha na ya Saleha na mbili za kabatini. Akazifunga zote kwenye kitambaa pamoja na ile chupa, akakifunga mara mbili. Kisha akarudi jikoni, kwa sababu samaki walikuwa bado hawajaiva na watoto walikuwa na njaa.

Fanueli alifika na baiskeli mwezi ukiwa umeshapanda kipimo cha mnazi. Ruthi alimwambia akiwa amesimama uani, kabla hajafungua pampu ya baiskeli, maana hakuona faida ya kumwacha anawe kwanza. Alimpa karatasi ya Kristofa. Fanueli aliisoma kwenye mwanga wa jiko. Alikuwa mtu mwangalifu. Aliisoma hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

— Una hakika ya hesabu?

— Nimeipiga mara mbili. Mzee Tadeo ameipiga kwa nazi.

Alikaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Akasema kwamba karatasi ya chupa ilikuwa imeliwa, lilibaki neno moja. Akasema rangi ilikuwa ile ile. Akasema alimpa Sabiha maji ya chumvi kwa mkono wake mwenyewe, akidhani ni kuhara. Akayasema yote hayo si kujitetea, bali kama anayeyapanga ili aweze kuyasema mahali pengine.

— Ungeniuliza, — alisema Ruthi. — Daftari lilikuwa sandukuni.

Fanueli alimtazama mkewe kama mtu aliyekumbushwa kwamba nyumba yake ina chumba kingine. Kisha akauliza kama wamepata pakiti zote. Akauliza ni ngapi, na Ruthi akamtajia.

— Nitakwenda kituoni, — alisema. — Leo. Nikingoja kesho nitatafuta sababu.

— Ule kwanza.

Barabarani, benchi lililia kwa uzito wa mtu. Lea alichungulia dirishani akarudi akasema ni baba yake Sabiha, amekaa peke yake, na Miraji ameshaondoka. Ruthi akatoka na sahani ya wali na kipande cha samaki. Uweso hakuipokea. Alisema hana neno la kusema na Fanueli, na hakuja kugombana. Amekuja kumsindikiza kituoni, kwa kuwa njia ya kule ina giza na yeye ndiye mwenye msiba, na askari watauliza mengi.

— Mwache ale, — alisema. — Nitangoja.

Ruthi akarudi na sahani. Mkeka ulikuwa umetandikwa, taa imewashwa, wali umepakuliwa kwenye sinia na samaki juu yake, wawili wamevunjika kwa sababu aliwageuza bila kutazama. Wakanawa. Fanueli alisema sala ya chakula, fupi kuliko siku zote. Kristofa hakuwa ameinua macho tangu jioni. Watoto walikuwa wamekwisha kujua kwamba kuna jambo, kwa hiyo walikaa wameshikana magoti na hawakugombea mahali.

Ruthi aliwapitia kwa macho, mwiko mkononi. Lea. Bibiana. Elieza, ambaye alikuwa ameanza kusinzia. Kristofa. Fanueli. Na yeye. Sita. Wote walikuwapo.

Nje benchi lililia tena, Uweso alipobadili mguu.

— Kuleni, — alisema Ruthi.